Mzigo wa mti umekwama: kutambua kama vinyago, mbao au samani zako zinahitaji kibali cha kupelekwa nje ya nchi

Malalamiko ya wachongaji, wauza samani na wanaotuma makasha Ulaya, Marekani na Uarabuni yanafanana sana. Mzigo una risiti, umelipiwa, haudaiwi ushuru, na bado umezuiwa. Chanzo huwa kilekile karibu kila mara: mwenye mzigo alijiuliza una ukubwa gani au thamani gani, wakati sheria inauliza mambo mengine matatu. Ni mti gani kwa jina lake la kisayansi? Uko katika umbo gani? Unakwenda nchi gani? Ubao mmoja wa mninga unaweza kudaiwa kibali ambacho kabati zima la mninga halidaiwi.

Kingine kinachozaa ugomvi ni neno lenyewe "kibali". Watu huliita kwa karatasi tatu tofauti. Ya kwanza ni ya misitu, ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na inahusu mazao ya misitu, hata ya mti uliopanda mwenyewe shambani. Ya pili ni ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na inahusu spishi zilizoorodheshwa tu. Tanzania ni mwanachama tangu 1980 na mamlaka yake iko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Ya tatu ni cheti cha afya ya mimea cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), ambacho hakijali mti ni wa aina gani. Kinajali wadudu na magonjwa. Hakuna hata moja inayosimama badala ya mwenzake. Ofisa akikwambia "huna kibali", swali lako la kwanza liwe: kipi kati ya hivi vitatu?

Yanayofuata yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina mamlaka yake ya misitu na ya mambo ya kale, na pale Kenya inapotofautiana tumetaja.

Kabla ya dalili yoyote: andika jina la mti

Jina la mtaani halitoshi. Chukua karatasi, andika kila aina ya mti iliyomo kwenye mzigo, kisha ulinganishe:

- Mpingo ni Dalbergia melanoxylon. Jenasi yake iliingia Kiambatisho II cha CITES tarehe 2 Januari 2017, ikiwa na dokezo #15.
- Mninga (Pterocarpus angolensis), mkongo (Afzelia quanzensis) na mkangazi (Khaya anthotheca) vimo Kiambatisho II tangu tarehe 23 Februari 2023, vyote kwa dokezo #17. Zilizoorodheshwa ni jenasi nzima kwa upande wa Afrika, kwa hiyo kusema "huu si mninga wenyewe, ni ndugu yake" hakukutoi.
- Msandali wa kwetu (Osyris lanceolata) umo Kiambatisho II tangu 2013, kwa dokezo #2.
- Msaji, ambao wengi huuita mtiki, pamoja na paina, mkaratusi, mwarobaini, jakaranda, muhugu na mvule havimo CITES. Karatasi za misitu na za afya ya mimea hazikwepeki kwa sababu hiyo.

Hizo namba za dokezo ndizo wengi huzipuuza, na ndizo zinazoamua. Kiambatisho kinakwambia mti umedhibitiwa. Dokezo ndilo linalokwambia ni umbo gani la mti huo linalohitaji kibali.

Dalili ya 1: Vinyago vyeusi vimezuiwa uwanja wa ndege au posta

Sababu inayoongoza ni uzito. Dokezo #15 linasamehe bidhaa zilizokamilika zenye mpingo usiozidi kilo 10 kwa shehena moja. Shehena maana yake ni mzigo ulio chini ya hati moja ya usafirishaji, ya meli au ya ndege, hata kama umegawanywa katika maboksi matano. Kinachopimwa ni mti wenyewe, kwa hiyo boksi, sponji, kitako cha chuma na kioo haviingii kwenye hesabu. Kinyago cha kilo 9 ndani ya boksi la kilo 3 bado kiko chini ya kikomo. Na kikomo huhesabiwa kwa mti uliomo katika kila kitu kimojakimoja, si kwa jumla ya shehena: kinyago kimoja cha kilo 11 kinahitaji kibali.

 

Sababu ya pili: hakuna anayejua kama ni mpingo. Vinyago vingi vyeusi sokoni si mpingo. Ni mti mwepesi uliopakwa rangi ya viatu. Ukiandika "mpingo" kwenye ankara kwa kuwa ndivyo muuzaji alivyokwambia, umejitwisha masharti ya mti usiokuwa nao. Fanya vipimo hivi kabla ya kufunga mzigo:

1. Kwaruza chini ya kitako kwa ncha ya kisu. Mpingo ni mweusi wa zambarau hadi ndani, na hata unga wake ni wa giza. Mti uliopakwa hufichua weupe, manjano au hudhurungi mara tu rangi inapotoka.
2. Tafuta ukanda wa nje wa mti. Mpingo una ukanda wa manjano hafifu unaokatika ghafla pale kiini cheusi kinapoanza. Wachongaji wengi wa Kimakonde huuacha kwa makusudi.
3. Tupa kibanzi majini. Mpingo mkavu huzama, kwa kuwa mita moja ya ujazo hukaribia au kuzidi kilo 1,200. Jakaranda na mwarobaini huelea. Tumia kibanzi tu, usizamishe kinyago kilichokamilika, kitapasuka kikikauka.
4. Nusa sehemu uliyokwaruza. Harufu tamu inayokaa puani ni ya muhugu.

Vipimo hivi vinakutosha wewe kuandika ankara ya kweli. Havimfungi ofisa. Akibisha, omba sampuli itambuliwe na mtaalamu wa mbao, na usiingie naye kwenye mabishano ya macho.

Kuna pia neno "ebony", ambalo wauzaji hulipenda kwenye ankara. Kwa wataalamu neno hilo ni la jenasi nyingine, Diospyros, na ile ya Madagaska imo CITES kwa masharti yake. Umeandika neno moja, umefungua maswali mawili. Andika Dalbergia melanoxylon kama ni mpingo, au jina la mti wenyewe kama si mpingo.

Sababu ya tatu: bidhaa haijakamilika. Msamaha wa kilo 10 ni wa kitu kilichomalizika. Vipande vilivyokatwa mraba kwa ajili ya kutengenezea klarineti na obo, hata kilo 4 tu, si bidhaa iliyokamilika na vinahitaji kibali. Klarineti yenyewe ikishakamilika haihitaji, wala vipuri vyake vilivyokamilika: msamaha wa ala za muziki ulianza kutumika Novemba 2019, tena bila kikomo cha uzito. Watu wa mpingo wa Kilwa, wenye misitu ya vijiji iliyoidhinishwa na FSC (shirika la kimataifa linalothibitisha utunzaji wa misitu) tangu 2009, wanalijua hili vizuri. Wanunuzi wapya ndio hudhani nembo ya FSC ni kibali. FSC inasema msitu umetunzwa, CITES inasema mzigo umeruhusiwa kutoka.

Sababu ya nne haitokei sana lakini ni nzito: kinyago kina kitu kingine mwilini. Jino la tembo lililopachikwa machoni, gamba la ng'amba kwenye kisanduku, tumbawe, ngozi ya kenge juu ya ngoma. Hapo mti si tatizo tena.

> Acha hapa. Ukishuku pembe ya ndovu au ng'amba, usiibandue, usiirudishe kwa muuzaji, usiipeleke popote. Kubandua ni kuharibu ushahidi, na kuibeba ni kumiliki nyara. Piga simu kwa mamlaka ya wanyamapori, na kama mzigo umeshakamatwa, mtafute wakili kabla ya kuandika maelezo yoyote.

Dalili ya 2: Mbao za mninga zimezuiwa, ilhali wiki iliyopita samani za mninga zilipita

Si upendeleo. Ni dokezo #17, ambalo linagusa maumbo matano tu: magogo, mbao zilizopasuliwa, vinia, plaiwudi, na mbao zilizochongwa ukingo kwa mfululizo. Kwa misimbo ya forodha maumbo hayo ni 44.03, 44.07, 44.08, 44.12 na 44.09. Meza ya mninga iliyokamilika (94.03) haimo kwenye orodha hiyo. Mlango uliokamilika (44.18) haumo. Mbao za sakafu zenye ulimi na mfereo (44.09) zimo, na hapo ndipo mafundi wengi hunaswa, kwa sababu machoni pao sakafu ni "bidhaa iliyomalizika" sawa na meza.

Kagua kwa mpangilio huu:

1. Angalia msimbo alioandika wakala wa forodha. Kosa lililozoeleka ni samani zilizotenganishwa ili zibanwe kwenye kontena kuandikwa 44.07 kwa kuwa zinaonekana kama mbao. Kama vipande vyote vya kabati vimo, vimekatwa, vimetobolewa na vina viungo vyake, eleza hivyo kwenye orodha ya vifurushi na uambatishe picha ya kabati lililosimama.
2. Angalia kinyume chake. Mbao nene zilizotobolewa tundu moja na kuitwa "uso wa meza" hubaki mbao. Ofisa hupima unene, hutazama kingo, na kuuliza miguu iko wapi.
3. Kama ni mbao kweli, omba kibali cha CITES. Hakuna kikomo cha kilo 10 hapa. Kikomo hicho ni cha #15, hakihamii #17.

Msandali ni mkali zaidi ya wote hawa. Dokezo #2 linasamehe mbegu, chavua, na bidhaa zilizofungashwa tayari kwa rejareja. Magogo, mizizi, vibanzi, unga na mafuta ya pipa vyote vinahitaji kibali. Na kama mzigo umetoka Kenya, uvunaji wa msandali wa porini ulipigwa marufuku huko 2007, kwa hiyo karatasi yoyote ya "msandali wa Kenya" unayoonyeshwa sokoni itilie shaka.

Dalili ya 3: "Nina TP na risiti za TFS, bado wananidai kibali"

TP ni ruhusa ya kusafirisha mazao ya misitu ndani ya nchi, kutoka ulikovuna hadi unakopeleka. Inaishia hapo. Kuvuka mpaka kunaongozwa pia na Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, ambayo Jedwali lake la Tatu linataja bidhaa zinazodhibitiwa kutoka: humo mna mbao za mti wowote uliomea katika nchi wanachama, mkaa, na vyuma chakavu. Soma tena maneno "mti wowote". Mtiki wa Longuza na paina ya Sao Hill vimo, ingawa CITES haivijui.

Kinachokosekana mara nyingi ni kimoja kati ya hivi, kuanzia kinachojitokeza zaidi:

- Kibali cha kusafirisha mazao ya misitu nje ya nchi, ambacho ni tofauti na TP na tofauti na leseni ya uvunaji.
- Usajili wa biashara ya mazao ya misitu ulioisha muda wake. Mwombaji awe yuleyule aliyesajiliwa; jina la shemeji kwenye ankara na lako kwenye usajili ni watu wawili.
- Mnyororo wa karatasi uliokatika. Ulinunua kwa dalali, dalali hakukupa nakala ya leseni wala risiti ya mrabaha. Bila hizo hakuna namna ya kuonyesha kwamba mti ulivunwa kihalali, na CITES nayo haitoki bila hilo.
- Ujazo usiolingana. TP inasema mita za ujazo 12, ankara inasema 14. Kupasua hupunguza ujazo, hakuongezi, na ofisa anajua hilo.
- Mzigo ni magogo. Hapa hakuna karatasi iliyokosekana ya kutafuta. Magogo ghafi yalizuiwa kutoka tangu 2004. Pasua kwanza.

> Acha hapa. Mtu akikuahidi "kukupatia mhuri" kwa mzigo ambao mti wake tayari umevunwa bila leseni, ondoka. Karatasi ya kughushi hukamatwa mbali na kwenu, mnunuzi akiwa ameshalipa, na kesi inafunguliwa kwa jina lako.

Dalili ya 4: "Ni Afrika Mashariki, si nje"

Ushuru sifuri na kibali ni mambo mawili. Cheti rahisi cha uasili kwa wafanyabiashara wadogo, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, kinaondoa ushuru tu. Mbao za Mufindi zinazovuka Namanga na gunia la mkaa linalovuka Horohoro bado vimo kwenye Jedwali la Tatu. Na kwa CITES, Nairobi ni nchi ya nje sawa na London.

Dalili ya 5: Kibali cha CITES ninacho, kimekataliwa

Hii ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu mtu amefuata sheria kisha amekosea kisanduku kimoja. Anza na vilivyo rahisi.

*Tarehe.* Kibali cha kutoa hudumu miezi 6 isiyozidi, na mzigo unapaswa kuwasilishwa ukiwa ndani ya muda huo. Wanaoomba kibali mapema kisha wakasubiri kontena lijae hunaswa hapa. Kibali hakirefushwi kwa kalamu. Unarudisha kile cha zamani na kuomba kipya.

*Nakala.* Kinachotakiwa ni halisi. Skani uliyomtumia mnunuzi kwa WhatsApp ni taarifa tu.

*Uthibitisho wa kutoka.* Chini ya fomu pana sehemu ambayo ofisa wa kituo cha kutokea huandika kiasi halisi kilichotoka, tarehe, sahihi na mhuri. Sehemu hiyo ikiwa tupu, huko mzigo unakofika wanaiona kama kibali ambacho hakijatumika. Usiondoke bandarini au uwanjani kabla hujaiona imejazwa. Wakala akikwambia "itajazwa baadaye", hakuna baadaye; ndege ikiruka kituo hakiwezi kuthibitisha mzigo usiokuwepo.

*Kiasi na kipimo.* Mbao huandikwa kwa mita za ujazo, vinyago kwa kilo au idadi. Kibali cha vinyago 40 na ankara ya kilo 62 havizungumzi lugha moja, hata kama ni mzigo uleule. Kutoa pungufu ya kibali kunaruhusiwa, kuzidisha hakuruhusiwi hata kidogo. Na kibali kimoja ni cha shehena moja: ukipeleka nusu leo, nusu iliyobaki inahitaji kibali kingine.

*Jina.* Pterocarpus pekee, bila angolensis, huleta maswali. Herufi zilizokosewa nazo ni mkosi.

*Msimbo wa chanzo.* W ni wa porini, A ni wa kupandwa chini ya masharti maalumu. Mpingo wa msitu wa kijiji ni W. Watu huandika A wakidhani inapendeza zaidi, inavuta ukaguzi.

*Mti wa zamani.* Mpingo uliopatikana kabla ya tarehe 2 Januari 2017 una njia yake, cheti cha "kabla ya Mkataba", lakini cheti hicho nacho kinaombwa kabla ya safari na kwa ushahidi wa tarehe. Kusema "huu ni wa babu" si ushahidi.

> Acha hapa. Kibali kikiwa na kosa, usikifute, usikiongezee neno. Hata kusahihisha herufi moja kwa mkono wako kunakibatilisha. Kirudishe kwa aliyekitoa. Na kama mzigo umeshaondoka bila kibali, usiombe kibali cha tarehe ya nyuma kupitia vichochoro. Zungumza na wakili au wakala anayejua CITES, kwa kuwa njia halali ya baada ya tukio ni nyembamba sana na inahitaji nchi zote mbili zikubali.

Dalili ya 6: Mzigo ulitoka salama, umekamatwa ulikofika

Hapo tatizo huwa upande wa mnunuzi, lakini hasara inarudi kwako. Nchi za Umoja wa Ulaya hudai, kwa spishi za Kiambatisho II, kibali chao cha kuingiza juu ya kibali chako cha kutoa, na kiwe kimeshapatikana kabla mzigo haujafika. Uingereza imebaki na utaratibu kama huo. Kwa hiyo mpangilio ni huu: unapata chako, unampelekea mnunuzi nakala, anaomba chake, kinatoka, ndipo unapakia. Kupakia siku kibali chako kilipotoka ndiyo haraka isiyo na baraka. Kontena linatangulia kibali cha mnunuzi, gharama za bandari zinahesabika kila siku, na ile miezi 6 nayo inakwisha.

Marekani haidai kibali cha kuingiza kwa Kiambatisho II. Lakini mfanyabiashara anayeingiza mimea iliyolindwa awe na kibali cha wizara ya kilimo ya huko, mzigo upitie bandari iliyoteuliwa kwa mimea ya CITES, na kwa bidhaa nyingi za mbao ajaze tamko la Sheria ya Lacey: jina la kisayansi, nchi ulikovunwa mti, kiasi na thamani. Tamko hilo linahitaji taarifa kutoka kwako. Usipompa jina la mti atabuni, na akibuni vibaya mzigo ni wenu nyote wawili.

Wanunuzi wa Ulaya wameanza pia kuomba viwianishi vya ramani vya mahali mti ulipokatwa. Si udadisi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115 inataka mbao zisitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini kuchukua viwianishi siku ya kuvuna ni kazi ya dakika mbili kwa simu, na kuvitafuta mwaka mmoja baadaye hakuwezekani.

Kwa Uarabuni, kinachoulizwa zaidi ni boriti za mikoko, biashara ya tangu enzi za majahazi. Kenya ilizuia boriti kupelekwa nje ya nchi 1982. Tanzania mikoko imo mikononi mwa serikali, na mtu asikwambie kwamba jahazi la kwenda Oman halina forodha.

Dalili ya 7: Bidhaa imeruhusiwa, paleti imezuiwa

Inachekesha mpaka ikukute. Vinyago vyako vina kila karatasi, ila kreti uliyopigilia kwa mbao za paina ndiyo inayorudishwa. Vifungashio vya mbao ghafi vinafuata kiwango cha ISPM 15: joto la nyuzi 56 lifike kiini cha mbao na likae hapo dakika 30 mfululizo, au njia nyingine iliyokubaliwa kama ufukizaji, kisha mhuri wenye alama ya IPPC (mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea), herufi za nchi (TZ), namba ya aliyetibu, na kifupi cha tiba, mfano HT kwa tiba ya joto.

Kagua: je, mhuri unasomeka pande mbili? Je, kuna ubao uliobadilishwa baada ya mhuri? Ubao mmoja mpya usiotibiwa unaharibu paleti nzima. Je, kuna gome? Vipande vyenye upana chini ya sentimita 3 vinavumiliwa, na kipana zaidi kisizidi sentimita 50 za mraba kwa jumla. Njia nyepesi kwa mzigo mdogo ni kreti ya plaiwudi, kwa kuwa plaiwudi na mbao zenye unene wa milimita 6 au chini hazimo kwenye kiwango hicho.

Ukiona unga mwembamba chini ya vinyago na vitundu vidogo vya duara, hao ni bungua. Hakuna cheti cha afya ya mimea kitakachotoka mpaka mzigo ufukizwe. Usijifukizie mwenyewe ghalani: dawa za kufukizia huua watu, na cheti kinatambua ufukizaji wa kampuni iliyosajiliwa tu.

Dalili ya 8: Mlango wa zamani au kiti cha kifalme kimezuiwa, ingawa mti wake hauko CITES

Hapa hakuna swali la mti kabisa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na inataja waziwazi milango na fremu za mbao zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1940. Vitu vya kiutamaduni vya makabila vinaguswa pia. Kibali kinatoka idara ya mambo ya kale, si TFS.

Mlango mpya uliochongwa kwa mtindo wa zamani ni halali, lakini ukiuzeesha kwa moshi na misumari yenye kutu umejitengenezea matatizo. Pata barua ya fundi yenye tarehe ya kuuchonga, picha za mlango ukiwa bado mbao tupu, na risiti. Usipokuwa nazo, mwombe mtaalamu wa mambo ya kale auangalie na aandike kwamba ni mpya, kabla haujafungwa kwenye kreti. Kama mlango umetoka Unguja au Pemba, barua hiyo itoke kwa mamlaka ya Zanzibar. Ya Dar es Salaam haitapokelewa pale bandari ya Malindi, Unguja.